Jumla Haijaandikwa

Saa nane usiku, ghorofa ya tatu, Coimbatore.
Viwanda vya nyuzi vimenyamaza ng'ambo ya barabara,
kiyoyozi kinakohoa,
na Thenmozhi, ambaye jina lake kwa Kitamili ni lugha ya asali,
anafungua jalada la mtu asiyeweza kusema "ufunguo".

Jina la mtu limefunikwa.
Kilichobaki: mwanamume, sabini na moja,
Duluth, kando ya ziwa lililoganda.
Alikuwa akikwangua theluji kwenye kioo cha gari
mkono ukamsahau.

Kiharusi. Neno lenye harusi tumboni,
na bwana harusi ameanguka mlangoni
kabla hajafunga kifungo cha koti.

Muuguzi amepima, kipengele kwa kipengele,
kama muuza dhahabu anayeogopa lawama.
Mwezi gani huu? Una miaka mingapi?
Mbili; hakujibu lolote.
Fumba macho, kunja ngumi. Moja; macho aliyafumba.
Tabasamu. Mbili;
nusu ya uso haikupata habari.
Mkono wa kulia, inua, sekunde kumi. Tatu;
ulianguka kitandani kama soksi iliyojaa maji.
Mguu, mbili.
Pini upande huo aliisikia kwa mbali, moja.
Picha za glavu, unyoya, ufunguo, mbili:
ufunguo aliuita "kijana", akacheka, kisha akalia.
Matamshi, moja.

Chini kabisa, kisanduku cha jumla:
kitupu.

Mtoto wa darasa la pili angeijumlisha hii.
Thenmozhi ameshaijumlisha, bila kutaka,
kwa vidole, chini ya meza.
Lakini sheria ya kazi yake ni ngumu kuliko hesabu:
mwandika misimbo hajumlishi.
Asiyeshika mizani hasemi uzito.
Mali bila daftari hupotea bila habari,
na mali hapa ni mkono wa kulia wa mtu.
Bila jumla, kiharusi chake kitaingia vitabuni
sawa na cha yule aliyeamka na ganzi ya kidole,
na akifa, wakubwa watauliza:
mbona ameuawa na ugonjwa mwepesi hivi?

Akatuma swali, kwa ile lugha ya adabu isiyo na mtu ndani:
Tafadhali thibitisha jumla ya alama za ukali.
Bwana Sethuraman, msimamizi, akapita nyuma ya kiti:
"Majalada tisa kwa saa. Wewe bado uko la nne."

Jibu lilikuja usiku wa pili.
"Kumi na nne. Samahani.
Alinishika kwa mkono wake mzima, hakuniachia,
na mimi naandika kwa huo alioushika."

Akaandika: ugonjwa kwanza, ukali baadaye,
herufi moja, tarakimu tano.
Kisha, kwa sekunde chache za wizi,
akatafuta pa kuuweka ule mkono mzima.
Orodha ina msimbo wa kung'atwa na kasuku.
Wa kushikwa haina.
Akafungua jalada lililofuata,
mwanamke, Toledo, nyonga.

Alfajiri, nyumbani, mama yake anachuja kahawa.
"Amma, nyoosha mikono. Viganja juu. Fumba macho."
"Unanipa nini?"
"Subiri. Kumi tu."
Mama akasimama kama anayengoja kupokea sinia,
akitabasamu pande zote mbili,
na ilipofika saba mkono wa kushoto ukashuka,
kidogo, upana wa ukucha,
au ni bangili: kushoto ziko sita,
kulia mbili.

Thenmozhi akazivua zote, akaziweka kando ya jiko,
akaanza tena kutoka moja.